Hifadhi ya Juu na Hifadhi ya Chini

Mke mwenzangu Nyamizi,

Salamu za nini, na wewe uko chumba cha pili? Nakusikia unavyofunga begi, unalifungua, unalifunga tena. Hakuna ulichosahau. Unapiga kelele ili nijue bado umenuna. Nimejua.

Barua hii nitaiweka chini ya chapati kwenye kopo la bluu. Utaikuta njaa ikikushika, na njaa yako naijua, basi lenu halitafika Sikonge hujalifungua. Ukiisoma usimwonyeshe jirani wa kiti. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa nyinyi wasomi mliozoea kubonyezabonyeza.

Sitakuambia uvae sweta huko Mbeya. Sitakuambia uwaamkie wakubwa. Kama hayo hujayajua mpaka leo, karatasi haitakusaidia. Na yule mama mwenye nyumba unayokwenda kupanga, mwenye sauti ya asali kwenye simu, mimi simwamini. Mtu hajakuuliza jina, ameshakuita mwanangu, mwanangu, mwanangu. Anatafuta nini? Lakini na hilo naliacha.

Nakuandikia kwa sababu ya neno uliloniambia Jumapili tulipotoka kanisani. Ulisimama pale mlangoni kwetu, ukasema: "Bibi, ulimfukuza Saidi mbele ya watu. Mrudishie heshima yake mbele ya watu walewale kabla sijapanda basi. La sivyo, Krismasi usinitarajie." Ukaingia ndani. Tangu siku hiyo unanipa shikamoo ya midomoni tu, nami nakupa marahaba ya namna hiyohiyo. Ulidhani nimekaa kimya kwa kukataa. Leo, ulipokwenda Kipalapala kumuaga shangazi yako, nimekwenda kulitimiza. Sikutaka uwepo. Kuna mambo mtu mzima hayafanyi huku mjukuu anamtazama mdomoni.

Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini naanza mwanzo, kwa sababu na wewe una sehemu yako katika uovu huu. Usijifanye mgeni.

Nani alituletea tovuti? Sisi wanawake wa kikundi tulikuwa tunafungasha asali yetu na kuiuza bila makuu. Saidi, yule kijana wa duka la vifaa vya umeme mjini, wa ukoo wa Waarabu wetu hapa Tabora, alikuwa mwanamume pekee kati yetu. Alishika ufunguo wa stoo na kupokea oda kwenye simu yake, na madumu alikuwa anayasafirisha yeye. Nilimvumilia. Ukaja wewe na elimu yako, ukasema dunia nzima itaiona asali yetu. Mkatengeneza tovuti, wewe na yeye. Namba ya kuagizia mkaweka ya kwake. Na kile kisanduku cheusi mnachokiita seva, ambacho ukubwa wake ni kama Biblia ya madhabahuni, mkakiweka dukani kwake, eti kwa sababu yeye ana sola na kwetu umeme unakatika.

Moyoni niliandika. Kitu chetu, kinalala kwa mtu?

Halafu kikundi kikanunua laini yake. Simu nikakabidhiwa mimi, mwenyekiti. Kazi ikabaki moja: kwenye tovuti itolewe namba ya Saidi, iwekwe ya kikundi. Ukanikalisha kitako na ile simu kubwa, ukanifungulia ukurasa wa mipangilio, ule wa wenye mamlaka peke yao. Ulikuwa umeuandika wote kwa Kiswahili, "ili Bibi asihangaike na Kiingereza." Nilijivuna, sitakuficha. Ukaniambia: unafuta namba ya zamani, unaandika mpya, unateremka chini kabisa, unabonyeza Hifadhi, linatokea neno la kijani, Imehifadhiwa. Ukaishia hapo. Siku hiyo hukuniruhusu hata nijaribu mbele yako. Basi la Nzega lilikuwa linakusubiri, unakwenda kwenye mafunzo yako ya kazi. Ukaondoka na somo nusu, ukaniachia mamlaka kamili.

Jioni ile nikafanya kama ulivyosema. Kijani kikatokea. Nikalala kama mke wa chifu. Asubuhi nafungua, namba ya Saidi iko palepale.

Unakumbuka nilivyokupigia?

"Namba imerudi."

"Shikamoo, Bibi. Namba gani?"

"Ya Saidi! Imerudi usiku."

"Ulibonyeza Hifadhi?"

"Nilibonyeza."

"Ikaandika nini?"

"Imehifadhiwa."

"Kwa kijani?"

"Kijani kama kisamvu."

"Basi imehifadhiwa, Bibi."

"Haijahifadhiwa! Nina macho mimi!"

Ukaniambia simu ina tabia ya kukumbuka ya jana na kukuonyesha hayo badala ya ya leo, nifute kumbukumbu zake. Nikafuta. Nikaona hilo halitoshi, nikaazima simu ya Bi Mwanaidi, mtani wangu, ambayo haijawahi kuiona tovuti hiyo tangu izaliwe, kwa hiyo haina cha kukumbuka. Namba ya Saidi. Ukasema labda kisanduku kimejaa, hakina pa kuweka kipya. Ukaangalia ukiwa hukohuko Nzega, ukaniambia nafasi ipo tele. Ukasema kizimwe, kiwashwe. Hapo nikalazimika kwenda mwenyewe dukani kwa Saidi.

"Shikamoo, Bibi. Karibu, kaa."

"Marahaba. Sikai. Zima kitu chetu, nikiona."

Akachomoa waya. Akasimama, midomo inachezacheza. Nikamuuliza, "Unasoma nini hapo?" Akacheka: "Nahesabu, Bibi. Kinatakiwa kipumzike kidogo kabla hakijawashwa." Mashine inapumzika? Nilimtazama vidole mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani, nikabadilisha namba, kijani kikatokea, na asubuhi namba ni ileile ya Saidi. Ukanielekeza nibadilishe pasiwedi. Nikaweka ambayo hata Mungu itabidi aniulize. Asubuhi, ya Saidi.

Sasa niambie, Nyamizi, na kichwa chako kimetulia: kitu kinalala kwa mtu, kila usiku kinabadilika kwa faida ya mtu huyohuyo, wewe ungemshuku nani? Mjusi?

Babu yangu alikuwa mpagazi. Alitembea njia ile ya misafara mpaka pwani na kurudi, mabega yake yalikuwa na sugu kama kisigino. Wosia aliotuachia ulikuwa mmoja: mzigo ukipungua, mtazame aliyelala karibu nao. Nimekula na wosia huo, nimelea nao watoto. Wewe ulisema, "Bibi, nikirudi nitaangalia vizuri." Mimi sikungoja urudi.

Siku ya kikao, hukuwepo. Umesimuliwa, lakini waliokusimulia walikuonea huruma, wakapunguza. Nilisimama kwenye stoo, wanawake wote wapo, nikasema Saidi anarudisha namba yake kwa siri ili wateja waendelee kuwa wake. Akasema, "Bibi, sijagusa." Nikasema mwizi hajawahi kusema amegusa. Angenijibu kwa ukali ingekuwa nafuu. Alinitazama kwa adabu, na adabu ile ikanipandisha hasira. Ndipo nikasema lile jingine. Nikasema: "Babu zetu walibeba mizigo ya babu zenu mpaka shingo zikazama. Sasa mnataka tuwabebee na asali?"

Nyuki mmoja aliyepotea akasikika dirishani. Saidi akavua ufunguo kwenye mnyororo wake, akauweka juu ya kifuniko cha dumu. "Shikamoo, Bibi," akasema, akatoka. Sikuitikia. Shikamoo ya mtu niliiacha chini kama ganda la ndizi.

Unajua nini kilifuata. Nilihamisha kisanduku, nikakiweka kwangu juu ya kabati na kukifunika kitambaa cha mezani. Nikabadilisha namba. Kijani. Asubuhi, ya Saidi! Mtu mwenye akili angekaa chini hapo. Kisanduku kiko kwangu, pasiwedi ni yangu, mtu mwenyewe hayupo tena. Mimi nikasema: ahaa, kumbe ana ufunguo wa pili. Nikaanza kumshuku na mwenye kutuuzia bando. Shaka ikishapata kiti haiulizi tena nyumba ni ya nani.

Ukarudi kutoka Nzega. Hukunisalimia vizuri, ulikuwa umeshasikia. Ukanipa ile simu kubwa, ukasema: "Kaa, Bibi. Fanya mbele yangu kama unavyofanya kila siku. Sitasema kitu."

Nikafanya. Nikabadilisha namba, nikateremka chini, nikabonyeza Hifadhi. Kijani. Kisha nikapanda juu kabisa, nikabonyeza Hifadhi ya pale juu, yenye picha ya kufuli. Kijani tena. Nikakurudishia simu.

"Hiyo ya juu, Bibi, huwa unaibonyeza kila siku?"

"Kila siku. Tangu jioni ya kwanza. Tena ile ya kwanza niliibonyeza kabla sijagusa kitu, nianze na ulinzi."

"Unaibonyeza kwa ajili ya nini?"

"Kuhifadhi."

"Na ile ya chini?"

"Kuhifadhi! Kiswahili hujui?"

Ukaweka kiganja mdomoni. Nilidhani unacheka, na mwanzoni ulikuwa unacheka kweli, nilikuona. Kisha kicheko kikakuishia mkononi. Ukanieleza polepole, kama unamweleza mgonjwa. Ile ya chini inaweka ulichoandika. Ile ya juu inafunga ukurasa wote, lisiingie badiliko lolote, mpaka mtu aufungue kwa kialama kingine pembeni, ambacho mimi sijawahi kukigusa. Nani anayefungua mlango akishafunga?

"Basi ndicho nilichotaka," nikakuambia. "Saidi asiweze kubadilisha."

"Hata wewe huwezi, Bibi. Ulijifungia nje siku ya kwanza. Namba yako haijawahi kuingia hata mara moja. Ya Saidi haikurudi. Haikuwahi kuondoka."

"Na kile kijani kinachosema imehifadhiwa?"

Ukaangalia chini. "Niliiambia iseme hivyo kila ukibonyeza. Sikuiambia iangalie kwanza kama ni kweli."

Nyamizi. Kwa miaka yote niliyokulea sijawahi kutaka kukuchapa kama dakika ile. Neno moja umelibandika mahali pawili! Nilikuuliza kwa nini, ukasema ulikosa neno lingine. Ulikosa neno la kufunga? Neno la kufunga ni funga! Mtoto wa chekechea analijua. Msomi mzima, Kiswahili kimekuishia ukingoni mwa kufuli.

Lakini ulipolala nililiwaza neno lenyewe. Mimi hifadhi nimeijua kwa kibao cha msituni. Babu yako alipokuwa anatundika mizinga, kulikuwa na kibao kimepigiliwa kwenye mninga: HIFADHI YA MSITU, na chini yake makatazo. Usikate. Usichome. Usiingie. Kwangu hifadhi ni kuzuia mkono wa mtu. Saidi aliniambia zamani kwamba kwao mtoto aliyehifadhi ni yule aliyeshika Kurani yote kichwani, isimtoke. Wewe hifadhi yako ni kuweka kitu ili kesho ukikute. Sote watatu tulikuwa tunasema neno moja kwenye simu na kwenye kikao, kila mtu ana lake mdomoni. Uliponiuliza, "Umebonyeza Hifadhi?" nilikujibu kweli tupu. Ulipouliza vile ungeweza kuuliza mpaka Nzega yote ilale, ningekujibu kweli tupu, na usingejua kitu. Ulijua siku ulipoacha kuniuliza ukanitazama mikono.

Huko Mbeya utalinda seva za watu. Utalipwa mshahara ili ushuku. Sikukatazi, na anayesema kushuku ni dhambi huyo naye mchunguze. Ila nakusimulia la babu yako, kwa sababu ulikuwa mdogo alipofariki. Siku moja mizinga yake ya upande wa Igalula ilikutwa mitupu, masega yametawanyika chini. Wanaume wa kijiji wakashika fimbo, wanajua pa kwenda, kwa mgeni mmoja aliyehamia karibuni. Babu yako akasema ngojeni. Akapanda mti. Akakaa kule juu anaupapasa mzinga kama anambembeleza ng'ombe. Mimi niko chini naona aibu, namwambia, "Mume gani huyu, watu wanakwenda kwa mwizi, yeye anahoji mti!" Akashuka, akatuonyesha mikwaruzo ya kucha kwenye gome. Nyegere. Wale wanaume walirudisha fimbo nyumbani wakiwa wamekasirika, kana kwamba wamenyimwa kitu chao. Na mimi nilikasirika pamoja nao. Hiyo hasira niliiona siku ile, sikuihoji. Nimeihoji mwaka huu. Ilikuwa hasira ya mtu aliyekuwa na jina la mwizi tayari na sasa hana pa kulipeleka.

Saidi nilikuwa nimeshampa jina hilo kabla kisanduku hakijanunuliwa. Duka lao, pua yao, nyumba zao za zamani zenye milango ile mizito. Nilikuwa nangoja tu kosa lije limfae.

Kabla sijafika ya leo, na mimi nina langu la kukuuliza. Hii kazi ya Mbeya uliitafuta kabla sijamfukuza Saidi, au baada? Nimehesabu wiki kichwani, hazikai sawa. Nilikuuliza pia kama wewe na yeye mna lenu, ukanijibu, "Hapana, Bibi. Ni rafiki yangu. Ndiyo maana inauma." Jibu hilo nililikubali kwa mdomo. Nikililaza chini nalipekua, bado linasema vilevile. Basi ni kweli. Lakini la kazi hujanijibu, nami naogopa jibu, kwa hiyo usinijibu kwa simu. Njoo unijibu nikikuona uso.

Sasa ya leo.

Ulikuwa umeshaufungua ule ukurasa, na ile Hifadhi ya juu umeibandua ukaandika Funga, asante kwa kuchelewa. Lakini namba ya Saidi uliiacha, ukaniambia, "Sitaibadilisha mimi. Utaibadilisha wewe ukishamaliza naye." Nikamtafuta Bi Mwanaidi. Unamjua, Mzaramo yule, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu enzi hizo za misafara. Wao huko pwani walitupokea na matusi, sisi tukawarudishia, na mpaka leo akinitukana sina ruhusa ya kukasirika. Nikamwambia awaite wanawake stoo, na amwite Saidi. Mimi nikimwita hatakuja.

"Kwani umekufa?" akaniuliza. "Maana kazi ya mtani ni mazishini."

"Nusu."

"Basi nitaizika hiyo nusu. Enyi wapagazi! Kubeba mizigo ya watu mmezoea, wenu wenyewe unawashinda. Leo utaubeba, Kalunde, na sikusaidii hata kukutwika."

Saidi akaja. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Hakuniamkia. Mwanamke mzima nimesimama katikati ya stoo, kijana wa rika la mjukuu wangu hajaniamkia, na wote wanaona, na wote wanajua kwamba ni haki yake.

Nikasema. Sikupamba. Nikasema: Saidi hakugusa namba. Nilifunga ukurasa kwa mkono wangu siku ya kwanza, na kila siku nikaufunga tena, kisha nikamshtaki yeye kwa kila nilichoshindwa kuingiza. Nikasema nilimwita mwizi na si mwizi. Bi Mwanaidi akadakia, "Sauti! Siku ya kutukana ilifika mpaka stesheni!" Nikasema tena, kwa sauti.

Saidi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Bibi, wateja uliowapata mwezi huu kwenye namba ya kikundi, walikupataje? Si kwenye tovuti. Kwenye tovuti kuna namba yangu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa sikuwa nimeliwaza. Simu ilikuwa inaita, naringa nayo, najua ni baraka za Mungu.

"Kila aliyenipigia nilimpa namba yako," akasema. "Nikamwambia mwulize Bibi Kalunde, ndiye mwenyewe."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Bi Mwanaidi, mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na tusi.

"La namba nimekusamehe," Saidi akaendelea. "Lingeweza kumpata mtu yeyote. Lile la babu zangu, Bibi, sijui niliweke wapi. Mama aliyemzaa baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Uyui kama wewe. Baba yake alibeba mizigo kama babu yako. Uliposema vile, ulikuwa unamtukana nani? Mimi mwenyewe nilikwenda nyumbani nikakaa, nikashindwa kujua nishike upande gani."

Nyamizi, unanijua, mimi huwa na jibu hata kwa padri. Nilimwambia tu, "Sikujua." Akasema, "Hukuniuliza." Nikasema, "Kweli." Nikachukua ule ufunguo wa stoo kwenye kamba ya shingoni mwangu, nikamnyooshea. Akautazama. Akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe, lakini sirudi. Nimeshazoea kuwa nje. Weka namba yenu, Bibi. Nitangoja nione imekaa."

Nikabadilisha mbele yake. Nikateremka chini, nikabonyeza Hifadhi. Kijani. Wanawake wakapiga vigelegele, nikawanyamazisha. Nikaufunga ukurasa, nikaufungua upya, nikatazama. Namba ya kikundi. Nikafungua kwa simu ya Bi Mwanaidi. Namba ya kikundi. Ya Saidi haipo popote. Nilichokipigania tangu mwanzo nilikuwa nimekipata, na nilitamani asubuhi kirudi kilivyokuwa.

"Imekaa," Saidi akasema. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Akaenda zake dukani.

Wengine wakatawanyika. Nilibaki stoo peke yangu na ufunguo mkononi, simu ikaita. Mwanamume, namba ngeni, kwa kelele za treni nyuma yake ni mtu wa reli. Amefungua tovuti sasa hivi, ameona namba mpya.

"Halo, ni hapo kwenye asali? Naomba kuongea na Saidi."

"Saidi hayupo."

"Atarudi saa ngapi?"

Ningeweza kusema ametoka kidogo. Ningeweza kusema amekosea namba. Ni watu wangapi wangejua? Nikamjibu: "Harudi. Nilimfukuza kwa wizi na hakuiba kitu. Kosa lilikuwa langu. Mimi ni mwenyekiti. Unataka asali kiasi gani?"

Naye akasema, "Dumu moja, mama. Pole."

Uliniambia niseme mbele ya watu walewale, nami nimesema. Sasa wamebaki ambao hawakuwepo stoo, na kila atakayemwulizia Saidi nitamwambia hivyohivyo. Wako wengi, Nyamizi. Asali yetu inapendwa.

Mungu akuhifadhi, kwa maana utakayoichagua wewe.

Bibi yako,
Kalunde